Ananiita Lempi, Nami Naitika

Mpendwa Bi Verna,

Nakuomba unishike mkono, maana nimefika mahali ambapo sijui tena kama niko kazini au niko ndotoni, na watu wa kuwauliza walio karibu nami ni wale wale ambao nikiwaeleza wanaweza kunifukuza masomoni. Nina miaka ishirini na sita, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya tiba kwa sanaa na ushauri nasaha hapa hapa mjini, na tangu majani yalipoanza kupukutika nimepelekwa kufanya mafunzo ya vitendo katika nyumba ya wazee iliyo juu ya kilima, yenye chumba cha madirisha mapana yanayotazama ziwa. Majina yote nimeyabadilisha, na tafadhali usiniulize ni nyumba ipi.

Ukiitazama kwa nje kazi yangu ni nyepesi mno. Natandaza karatasi mezani, nafungua rangi za maji, naweka brashi na chaki na donge la udongo, wazee wanaletwa mmoja mmoja, tunakaa. Mwalimu anayenisimamia, nimwite Bi Ostrander, alituambia tangu mwanzo kwamba hatuko pale kumfasiria mtu picha yake, tuko pale kukaa naye mpaka picha yenyewe imfungue kinywa, na kila nikitoka kazini napita ofisini kwake nikamsimulie yaliyotokea, naye huniacha nimalize halafu huuliza, "Na wewe ulihisi nini?" Bi Verna, swali hilo nimekuwa nikilijibu kwa uongo msimu mzima wa baridi.

Kuna mama mmoja, Mama Aune. Umri wake ni themanini na nane, wazazi wake walitoka Ufini, alikulia kwenye mashamba ya huko juu kando ya ziwa, na kumbukumbu zake zinamwacha, lakini haziondoki kwa vurugu, zinaondoka kama ukungu unavyonyanyuka juu ya maji asubuhi, kidogo hapa, kidogo pale, ukigeuka kutazama huoni tena palipokuwa na kitu. Siku ya kwanza hakuchora. Alishika brashi kavu akaipitisha karatasini taratibu, huku na huku, kama anayembembeleza mtoto mgongoni, na mimi nilikaa nikaitazama ile brashi mpaka nikahisi macho yangu yanakuwa mazito. Siku nyingine akaichovya. Akachora kibanda cha mbao kando ya maji, ni sauna ya kwao, chumba cha kuogea kwa mvuke, moshi unatoka juu, na mlangoni wasichana wawili. Tangu hapo kila Alhamisi anachora picha hiyo hiyo, ila haikai ilivyokuwa, mara inanyeshewa theluji, mara mbwa anapita, mara kuna ndoo imesahauliwa kwenye ngazi, na kila mara kule ukingoni mwa ziwa anachora mtu wa tatu, mrefu, halafu kabla rangi haijakauka anachukua nyeupe na kumfunika pole pole mpaka abaki kama kipande cha ukungu kilichosimama.

Alhamisi moja theluji ilikuwa inaanguka ile ya vipande vipana kama manyoya, ziwa na mbingu vimekuwa kitu kimoja, chumba kimya, nasikia maji yakitiririka kwenye brashi yake, akainua macho, akanitazama sana, akasema, "Lempi, mbona umekuja na nywele timtim?"

Nilijua Lempi ni nani, wauguzi walishaniambia. Ni mdogo wake, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu akiwa bado msichana, hata mama yangu mimi alikuwa hajazaliwa. Na nilijua nifanye nini, tumefundishwa, tumeigizana darasani, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine mshauri. Badala yake niligusa nywele zangu nikamwambia, "Nimesahau kusuka." Akacheka, Bi Verna. Wauguzi waliniambia hajacheka tangu aletwe. Alhamisi iliyofuata nikaja nimesuka mikia miwili.

Hakuna aliyeniambia nisuke. Na sijawahi kumweleza mtu kwa nini niliendelea, ila wewe nitakueleza: mimi sina ndugu, nililelewa na baba aliyekuwa dereva wa malori ya masafa, nyumba zetu zilikuwa za kupanga na jioni zangu nilizipitisha kwa majirani, na katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniita mdogo wangu. Yeye ananiita. Ananiwekea kipande cha ule mkate mtamu wa iliki wanaopewa pamoja na kahawa, anakifunga kwenye karatasi ya kujifutia mikono, ananiambia kula mdogo wangu, umekonda, nami nakula. Sasa hata nikilala naiota ile sauna. Nasikia harufu ya majani mabichi ya mti wa mbetula, najua ubao upi ukiukanyaga unalia, wala yeye hajawahi kuniambia. Darasani tukiambiwa tuchore kitu cha kwetu, mkono wangu unachora kibanda kile, na mwenzangu mmoja aliponiuliza kama ndiko nilikozaliwa nilimjibu ndiyo, na wakati nasema sikuona kama nadanganya.

Na usidhani anaumia. Anakula, anaimba kwa lugha ya kwao, anasimulia mambo ambayo hajawahi kusimulia. Sasa ubaya uko wapi? Hivyo ndivyo nilivyojiambia mpaka wiki mbili zilizopita.

Siku hiyo alikuwa anapaka ile nyeupe yake, akaninong'oneza, hukumwambia mtu, Lempi, sivyo? Nikamnong'oneza, sijamwambia mtu. Kumbe mlangoni alikuwa amesimama mwanawe. Nimwite Rudy, ana miaka sitini na sita, amestaafu, zamani aliendesha mtambo wa kupakia madini melini kule bandarini, ni mtu mkubwa asiye na maneno. Nilipotoka nilimkuta kwenye maegesho ya magari, theluji imemjaa kofiani, nikajua nimekwisha, atanishtaki. Hakunishtaki. Alisema hivi, na aliyasema kwa sauti ya chini nikalazimika kumsogelea:

"Binti, mimi simjui baba yangu. Lempi alimjua. Mama anakuamini wewe kuwa ndiye Lempi. Muulize."

Halafu akanieleza mengine akitazama viatu vyake. Kwamba utotoni aliambiwa baba yake alikuwa baharia wa meli za madini, basi. Kwamba shuleni walimtania kwa hilo, na aliporudi nyumbani kuuliza, mama yake hakumsemesha siku nyingi, naye hakurudia tena. Kwamba amekuwa mtu mzima akijua ni mtoto wa mtu aliyepanda meli asirudi, na amepakia meli ujana wake wote akiwatazama mabaharia usoni. Hakulia. Alisema tu mama akifa, jibu linaondoka naye.

Nilimwambia nitafikiria. Alhamisi ijayo ndiyo siku yangu ya mwisho pale, mafunzo yangu yanaisha. Nikiuliza atajibu, nina hakika, kwa sababu ataniambia mimi, yaani atamwambia Lempi. Mtu wa miaka sitini na sita atapata alichokitafuta, na hakuna atakayejua. Na nikueleze na lililobaki: mimi nataka kuuliza kuliko hata Rudy anavyotaka. Nataka kumjua yule aliye chini ya rangi nyeupe. Naona kama ni siri ya kwetu.

Niulize au nisiulize? Na nikiondoka pale, nitamwagaje mtu anayedhani mimi ni mdogo wake, aliyekwisha kumzika mara moja?

Wako,
Mwenye Mikia Miwili

*

Binti yangu,

Alhamisi yako haiwezi kungoja gazeti la Jumamosi, kwa hiyo jibu hili nakutumia wewe kwanza. Wasomaji watalikuta baadaye.

Usiulize. Hilo ndilo jibu. Sasa kaa chini nikueleze kwa nini, na nianze na nywele, kwa sababu barua yako nzima imefungwa kwenye hizo nywele.

Mzee akikuita kwa jina la mtu wake aliyekufa, hujafanya kosa lolote. Mimi kabla ya kupewa safu hii nimekaa na wazee miaka mingi, nimeitwa mama, nimeitwa mke, nimeitwa mchungaji. Hukulazimika kumkatia maneno kwamba Lempi amekufa, ungemzika upya mbele yako kila Alhamisi. Wala hukulazimika kuitika. Kati ya mawili hayo pana nafasi pana ya kukaa, na chuo kinakufundisha miaka miwili ili uijue nafasi hiyo. Ungemwambia, "Nisimulie habari za Lempi." Basi. Angekusimulia, na wewe ungebaki wewe. Lakini ulikwenda nyumbani ukasimama mbele ya kioo ukasuka, mchana kweupe, kwa mikono yako. Hapo hukuwa unamtibu mtu. Ulikuwa unajitafutia dada.

Sikucheki. Msichana aliyekulia kwenye majumba ya kupanga akimngoja baba arudi na lori, akaitwa mdogo wangu mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na sita, na akapewa mkate, mimi ningekuwa na moyo wa jiwe nikimcheka. Ila Mama Aune hakuletwa kwenye chumba kile kukulea wewe. Wewe ndiye uliyeletwa kwa ajili yake. Tamaa yako ya kupendwa ina haki ya kupata mahali, na mahali pake ni kwa mshauri wako mwenyewe, ambaye mtu wa masomo yenu anatakiwa kuwa naye. Kama huna, mtafute wiki hii.

Unasema anakula, anacheka. Vizuri. Anakula kwa sababu kuna mtu anakaa naye, anamtazama, hana haraka. Mtu huyo ni wewe. Unaipa mikia ya nywele sifa ambayo ni yako.

Sasa siri. Mama huyu alimwamini mdogo wake, akamwambia jambo, na mdogo wake akafa nalo. Hakuna uaminifu unaozidi huo. Wewe unataka kuvaa sura ya marehemu, uingie, ulichukue jambo lile, ukamkabidhi mtu mwingine kwenye maegesho. Hata kama mtu huyo anastahili, utakuwa umemwibia mama kwa mkono wa mdogo wake. Na ukisharudi nyumbani na jina hilo utalifanyia nini? Uliandika "siri ya kwetu." Rudia kuyasoma maneno yako hayo ukiwa umekaa. Huko si kwenu, binti.

Rudy naye ananiuma. Mwanamume wa umri ule kusimama kwenye theluji kumwomba mtoto wa watu amsemee kwa mama yake mzazi! Ameogopa swali hilo tangu alipokuwa mwanafunzi wa shule, na wewe ukimuulizia, atakufa bado akiliogopa. Mwambie hapana. Mwambie kwa upole na usijieleze sana. Halafu mwambie kiti kipo mezani, aje Alhamisi, akae na mama yake, ashike brashi, na kama anataka kuuliza aulize kwa kinywa chake. Na mwonye kabla hajakaa kwamba anaweza kuondoka mikono mitupu. Usimfiche hilo.

Kabla ya yote hayo, kesho asubuhi, kabla hujavua koti, nenda kwa Bi Ostrander umwambie kila kitu. Nywele, mkate, ndoto, kile ulichonong'ona, kile Rudy alichokuomba. Usimpe nusu. Anaweza kukasirika, na ana haki. Anaweza kukurudisha nyuma. Lakini hukuandikishwa pale uwe mtu asiyekosea, uliandikishwa ili mtu mzima akuone unavyokosea ungali mwanafunzi, kabla hujaachiwa wagonjwa peke yako kwenye chumba chenye mlango wa kufunga.

Alhamisi ingia na nywele zako ulizozoea. Sema jina lako. Mwambie leo ni siku yako ya mwisho, mara moja, kwa maneno mafupi, na asipoelewa usimlazimishe aelewe ili wewe upate kuagwa. Yakiisha, niandikie.

Verna

*

Mpendwa Bi Verna,

Yameisha, nakuandikia kama ulivyosema.

Bi Ostrander hakunigombeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda akasimama dirishani, nikamwona mgongo tu, halafu akarudi akaniuliza lile swali lake, na safari hii nilimjibu kweli tupu. Uamuzi wake ni kwamba sitamaliza na wenzangu majira haya ya kuchipua. Nitarudia mafunzo ya vitendo, mahali pengine, na nitasimamiwa kwa karibu zaidi. Siku ya mwisho kwa Mama Aune aliniruhusu niende, ila naye awepo, akae kwenye kona. Nilikubali. Niliumia, lakini nililala usingizi mzuri, bila kibanda, bila moshi.

Rudy alikasirika. Aliniambia kwenye simu kwamba nimemnyima kitu kidogo ambacho hakinigharimu chochote, akakata. Nilidhani hatakuja. Alhamisi nikamkuta amekwisha kufika, amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani, amekaa kwenye kiti cha watoto wanaokuja kutembelea, magoti yamefika kifuani.

Barafu ilikuwa inaachana ziwani siku hiyo. Madirisha yote yalikuwa meupe, na kila baada ya muda tunasikia mlio mrefu wa chini, kama mtu anavuta kabati kwenye nyumba ya jirani. Nilimsalimia Mama Aune nikamwambia jina langu, na kwamba leo tunakaa mara ya mwisho. Akanitazama kichwani, akanitazama usoni.

"Lempi yuko wapi?"

Nikamwambia Lempi hayupo, anisimulie habari zake. Bi Verna, uso wake ulifungwa. Hukuniambia kwamba utafungwa. Aliweka brashi chini, akageukia dirisha, akakaa hivyo muda mrefu sana, na mimi nilikaa na mikono yangu mapajani nikijua kwamba neno moja tu lingemrudisha, na neno hilo mimi na wewe tunalijua. Sikulisema. Nilimtazama Bi Ostrander kwenye kona, naye hakunisaidia.

Aliyetusaidia ni Rudy. Alichoka na kimya, akachukua brashi, ikapotea kwenye mkono ule mkubwa, akaanza kuchora kitu kwenye karatasi ya mama yake. Mama akageuka kutazama anayechezea karatasi yake.

"Hicho ni kiatu?"

"Ni meli, Mama."

"Meli ya nani hiyo yenye kisigino?"

Rudy akacheka, akasema hata yeye asingeipakia. Mama akamnyang'anya brashi, akachovya kwenye bluu, akaanza kuiwekea maji chini yake, mstari baada ya mstari, ili isizame. Hapo ndipo Rudy alipouliza. Hakujipanga.

"Mama, baba yangu alikuwa nani?"

Nilifikiri hajasikia, maana mkono haukusimama. Aliendelea na mawimbi yake, halafu akasema bila kuinua macho, "Alikuwa mtu mwema. Alikuja kuniomba tuoane, nikamkataa. Akaja tena, nikamkataa."

"Ulimkataa wewe?"

"Nani mwingine? Baba yangu alilia, Lempi alilia. Mimi sikulia." Akachovya tena. "Nilikutaka wewe. Yeye sikumtaka."

Rudy aliuliza jina. Aliuliza polepole, kama anayemwomba mtu asiyemjua. Mama akasimamisha mkono, akalitafuta, nikaona midomo yake ikijaribu sauti moja, ikaiacha, ikajaribu nyingine. Mwishowe akatikisa kichwa. "Limeondoka," akasema, na hakuonekana kuhuzunika.

"Liende," Rudy akamwambia.

Akakaa na kiganja chake kimelala wazi juu ya meza, na machozi yanamshuka kwenye mashavu yale yaliyonyolewa bila yeye kuyafuta. Aliniambia baadaye, tukiwa tunavaa makoti, kwamba miaka yote amejua yeye ni mtoto aliyeachwa, kumbe aliyeachwa ni yule mwingine. Alilisema mara mbili, ya pili ni kama anajisemea.

Lakini kabla hatujainuka, wakati Bi Ostrander ameanza kutazama saa na mimi nimeanza kuosha brashi, Mama Aune alimgusa mwanawe mkononi akanionyesha kwa kidevu.

"Na huyu msichana ni nani?"

Rudy alifungua kinywa, halafu akanitazama, akaniachia nijibu. Nikamtajia jina langu. Akalirudia, taratibu, kama anayeonja kahawa ya moto kwa ncha ya midomo.

"Sikujui," akasema. Akasogeza kiti kwa mguu. "Lakini kaa. Nafasi ipo."